Cheti cha Usalama wa Moto na Njia ya Kutokea

Mgeni aingiapo katika nyumba ya wageni, au mzazi afikapo katika dakhalia kumpeleka mwanawe, huenda akaiona ukutani karatasi iliyotiwa fremu inayoeleza kuwa jengo limekaguliwa na limetimiza masharti ya kujikinga na moto. Wengi huitazama karatasi hiyo kama wanavyotazama leseni ya biashara, yaani kama stakabadhi ya ada iliyolipwa. Mtazamo huo una hatari ndani yake. Maelezo yafuatayo yanakusudiwa kuwafahamisha watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja na Pemba ni kitu gani hasa kinachothibitishwa na cheti hicho, mkaguzi hutafuta nini anapoingia ndani ya jengo, na kwa njia gani cheti kilichotolewa kwa haki huweza kupoteza maana yake kwa usiku mmoja.

MAANA YA CHETI

Cheti cha usalama wa moto ni ushahidi wa maandishi unaotolewa na mamlaka yenye dhamana baada ya ukaguzi. Ushahidi huo husema kwamba, siku ya ukaguzi, jengo lililotajwa, likitumiwa kwa kazi iliyotajwa na watu wasiozidi idadi iliyotajwa, lilikuwa na uwezo wa kuwatoa watu hao nje wakiwa hai. Katika Zanzibar, dhamana ya kinga ya moto, kuzima moto na uokozi imo mikononi mwa Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, ambacho kina sheria yake, Sheria Namba 7 ya 1999.

Msomaji azingatie maneno matatu katika maelezo hayo, nayo ni siku, kazi na idadi. Cheti hakisemi kuwa jengo haliwezi kuungua, kwa kuwa hakuna jengo la namna hiyo. Wala hakisemi kuwa mali iliyomo itasalimika. Jambo la kwanza linaloangaliwa ni roho za watu, na mali hufuata baadaye. Ghorofa ikibadilishwa kutoka afisi kuwa nyumba ya kulala wageni, au chumba cha vitanda 20 kikatiwa vitanda 40, jengo ni lile lile lakini ushahidi uliotolewa haulihusu tena.

MAFUNZO YALIYOPATIKANA KWA MACHUNGU

Utaratibu wa kukagua majengo na kuyapa vyeti ulitokana na misiba. Uingereza, usiku wa tarehe 26 Disemba 1969, moto uliunguza hoteli ya Rose and Crown katika mji wa Saffron Walden na watu 11 wakapoteza maisha. Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kinga ya moto mwaka 1971, na hoteli na nyumba za wageni zikawa miongoni mwa majengo ya mwanzo kutakiwa kuwa na cheti.

Afrika ya Mashariki nayo imelipa gharama kubwa, hasa katika dakhalia za skuli. Mwezi wa Juni 1994, zaidi ya wanafunzi wa kike 40 walifariki katika skuli ya sekondari ya Shauritanga, mkoani Kilimanjaro. Mwezi wa Machi 1998, wasichana 26 walifariki katika skuli ya Bombolulu, pwani ya Kenya. Mwezi wa Machi 2001, wavulana 67 walifariki katika skuli ya Kyanguli, wilaya ya Machakos, ambako mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Mwezi wa Septemba 2024, watoto 21 walifariki katika skuli ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri.

Vyanzo vya moto katika misiba hiyo havikuwa vya aina moja. Moto mmoja uliwashwa kwa makusudi, na mwengine ulianza kwa sababu nyengine. Hata hivyo, mtu anayesoma habari za moto wa dakhalia hukutana mara kwa mara na mambo yale yale: mlango uliofungwa, dirisha lenye nondo, vitanda vilivyosongamana, na watoto waliokuwa usingizini. Moto unaweza kuanza popote. Kinachoamua idadi ya watakaookoka ni kama njia ya kutokea ipo na kama iko wazi.

MOSHI HUTANGULIA

Watu wengi hudhani kwamba anayekufa katika moto huuawa na ndimi za moto. Mara nyingi sivyo. Moshi ndio unaotangulia. Moshi wa moto hupanda juu, hujikusanya chini ya dari, kisha hushuka kidogo kidogo hadi kufikia kimo cha mtu aliyesimama. Ndani yake mna hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlegeza mtu na kumpotezea fahamu kabla hajatambua kinachomsibu. Magodoro na makochi ya sponji huwaka kwa kasi na kutoa moshi mzito wenye sumu, na chumba kilichojaa vifaa vya namna hiyo huweza kushika moto wote ndani ya dakika chache tu tangu cheche ya kwanza.

Aidha, mtu aliyelala haamshwi na harufu ya moshi. Hii ndiyo sababu majengo ya kulala hukaguliwa kwa ukali zaidi kuliko afisi au maduka. Mtumishi aliye macho mezani kwake saa 4 za asubuhi hukimbia mara anapoona moshi, lakini mgeni aliyelala ghorofa ya tatu, asiyeijua nyumba, gizani, baada ya umeme kuzimika, anategemea mambo yaliyotayarishwa kabla hajafika.

MASUALA MANNE YA MKAGUZI

Ukaguzi huonekana mrefu, lakini kwa hakika hujengwa juu ya masuala manne.

(a) Moto utaanzia wapi? Mkaguzi hutazama jikoni, mitungi ya gesi, chumba cha jenereta, ghala la mafuta na rangi, na hasa nyaya za umeme. Waya uliofungwa mahali pa fyuzi, soketi moja iliyobebeshwa majiko na mafeni, na nyaya zilizopitishwa chini ya mazulia ni dalili za moto unaosubiri siku yake. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini sakafuni. Mtungi usiwekwe shimoni wala katika chumba kisichopitisha hewa, na anayesikia harufu yake asiguse swichi yoyote bali afungue milango na atoke.

(b) Watu watajuaje? Jengo dogo la chini lenye watu wachache waliomacho linaweza kutosheka na kengele ya mkono. Jengo la kulala lenye vyumba vingi linahitaji vifaa vya kugundua moshi na king'ora kinachosikika nyuma ya kila mlango uliofungwa.

(c) Watatokea wapi? Suala hili ndilo moyo wa cheti, na litaelezwa peke yake hapa chini.

(d) Nani atafanya nini? Vifaa bila ya watu wanaojua kuvitumia ni mapambo. Mkaguzi huuliza ni nani anayepiga simu namba 114, nani anayehesabu watu nje, watu hukusanyika wapi, na ni lini zoezi la mwisho la kutoka lilifanyika.

HESABU YA MLANGO

Katika kuhesabu njia za kutokea, kosa hufanyika kwa wepesi sana, hata na watu wenye nia njema. Mfano ufuatao utasaidia. Mwongozo wa ujenzi unaotumika England unaeleza kuwa njia ya kutokea yenye upana wa milimita 750 inatosha watu wasiozidi 60, ya milimita 850 watu wasiozidi 110, na ya milimita 1,050 watu wasiozidi 220. Vipimo vya kila nchi huwekwa na mamlaka yake, lakini namna ya kufikiri ni moja.

Ichukuliwe dakhalia ya wanafunzi 100 yenye milango miwili, kila mmoja una upana wa milimita 750. Msimamizi anajumlisha 60 na 60, anapata 120, na anaridhika kuwa nafasi imezidi. Hesabu hiyo si sahihi. Kanuni inataka mlango mmoja uhesabiwe kuwa umekwisha kuzibwa na moto, kwa sababu moto huenda ukaanza karibu nao. Mlango unaobaki ni mmoja, na uwezo wake ni watu 60. Wanafunzi 40 wanabaki bila ya njia. Ili jengo hilo litimize sharti, kila mlango peke yake uweze kuwatoa wote 100, yaani uwe na upana usiopungua milimita 850, na milango hiyo iwe mbali mmoja na mwengine ili moto mmoja usiizibe yote miwili.

Wizara ya Elimu ya Kenya, katika mwongozo wake wa usalama wa skuli wa mwaka 2008, iliagiza kwamba milango ya mabweni iwe na upana usiopungua futi 5, ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na nondo, nafasi baina ya vitanda isipungue mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2. Agizo la mlango kufunguka kwa nje lina sababu yake. Watu wanaokimbia husukumana, na mlango unaovutwa kwa ndani hauwezi kufunguka tena mara umati unapouegemea.

KUFULI, NONDO NA KHOFU YA MWIZI

Hapa ndipo penye mgogoro wa kweli. Mwenye nyumba hatii nondo madirishani kwa ujinga. Anatia kwa kuwa aliibiwa, au jirani yake aliibiwa. Mkuu wa dakhalia hafungi mlango usiku kwa ukatili. Anafunga kwa kuwa wazazi wamemkabidhi mabinti zao na atawajibika kwao. Khofu hizo ni za haki, na mkaguzi anayezidharau hatasikilizwa. Atakapoondoka, kufuli itarudishwa mahali pake.

Lakini ulinzi dhidi ya mwizi na ulinzi dhidi ya moto si lazima vigombane. Mwizi yuko nje na anataka kuingia, na mkaazi yuko ndani na anataka kutoka. Kinachotakiwa ni mlango unaokataa kufunguka kwa nje na unaokubali kwa ndani bila ya ufunguo. Komeo la kusukuma kwa mkono hufanya kazi hiyo. Kwa madirisha ya vyumba vya kulala, angalau dirisha moja katika kila chumba liwe na nondo zilizofungwa kwa bawaba, zenye komeo la ndani ambalo hata mtoto anaweza kulifungua gizani. Fundi wa kuchomelea vyuma anayetengeneza nondo zisizofunguka anaweza kutengeneza zinazofunguka.

Jawabu linalotolewa mara nyingi, kwamba ufunguo upo kwa mlinzi, halikubaliki. Mlinzi huenda yuko getini, huenda amelala, huenda amekwenda kusali, na huenda yeye mwenyewe amezidiwa na moshi. Roho za watu 100 hazitundikwi kwenye mnyororo wa funguo wa mtu mmoja.

MAJENGO YA MJI MKONGWE NA NYUMBA ZA MAKUTI

Visiwa hivi vina majengo ya aina mbili yanayohitaji uangalifu wa pekee.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Nyumba zake ni za mawe na chokaa, lakini sakafu zake zimebebwa na boriti, na ngazi nyingi ni za mbao. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi ambacho gari la zimamoto haliwezi kuifikia kila nyumba. Milango yake ya kuchongwa, inayosifiwa na wageni, hufunguka kwa ndani. Nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya ukoo mmoja, na leo baadhi yake zinalaza wageni wengi wasiojuana. Haifai kuung'oa mlango wa kale kwa ajili ya cheti, wala haifai kuuacha uwe mtego kwa ajili ya urithi. Njia ya kati ipo. Mlango uwekwe wazi kwa ndoano saa zote ambazo wageni wamo na usifungwe kwa ufunguo usiku, idadi ya wanaolala ghorofa za juu ipunguzwe, njia ya pili itafutwe kupitia uani au juu ya paa kwa makubaliano na jirani, na vifaa vya kugundua moshi vitiwe katika kila ghorofa. Mabadiliko ya jengo yapelekwe kwanza kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ili yasiharibu kinachohifadhiwa.

Katika ukanda wa fukwe, kuanzia Nungwi hadi Jambiani, hoteli nyingi zimeezekwa makuti. Makuti makavu hushika moto kwa cheche moja, na upepo wa kusi au kaskazi hupeleka vinga kwenye paa la pili na la tatu. Hapa kinga kubwa ni umbali baina ya banda na banda. Jiko litengwe, nyaya za umeme zipitishwe ndani ya mabomba yake na zisigusane na makuti, mishumaa na mienge isiwekwe chini ya paa, na maji yenye mpira wa kutosha kulifikia paa yawe tayari wakati wote, hata umeme ukizimika.

MITUNGI YA KUZIMIA MOTO

Mtungi wa kuzimia moto ni kwa ajili ya moto ulio mdogo. Maji hufaa kwa karatasi, mbao na nguo, lakini hayafai kwa umeme, na yakimwagiwa mafuta ya kupikia yanayowaka huyarusha na kuueneza moto. Povu hufaa kwa petroli na mafuta ya taa. Hewa ya kaboni dayoksaidi hufaa kwa vifaa vya umeme. Unga mkavu hufaa kwa aina nyingi za moto, ijapokuwa huacha uchafu mwingi. Anayetumia mtungi asimame baina ya moto na mlango, ili akishindwa aweze kurudi nyuma na kutoka. Mtungi ambao mshale wake umetoka katika rangi ya kijani, au uliofungiwa kabatini ili usiibiwe, uhesabiwe kuwa haupo.

CHETI KINAPOKUFA

Cheti kinaweza kuwa bado kina tarehe halali na hali kimekwisha kufa. Kinakufa siku ambayo mlango wa dharura unatiwa kufuli. Kinakufa siku ambayo chumba kinagawiwa kwa mbao kuwa viwili na cha ndani kikabaki bila ya njia yake. Kinakufa siku ambayo pipikipi au jenereta inaingizwa chini ya ngazi.

Watumishi wa Serikali wanakumbushwa kuwa afisi zao nazo zimo katika hukumu hii. Ni jambo la kawaida kukuta mafaili ya zamani, viti vilivyovunjika na mashine za kuandikia zilizokwisha kazi vimerundikwa katika ujia au juu ya ngazi ya nyuma, kwa kuwa ghala limejaa. Rundo hilo ni kuni zilizowekwa penye njia ya kutokea. Mkuu wa afisi asisubiri mkaguzi kuliondoa.

Uingereza yenyewe ilijifunza jambo hili baada ya zaidi ya miaka 30. Kwa amri ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika England na Wales Oktoba 2006, vyeti vya moto viliondolewa, na mwenye kulisimamia jengo akapewa wajibu wa kuzitathmini hatari zake na kuziondoa yeye mwenyewe. Hata hivyo, tarehe 14 Juni 2017 watu 72 walipoteza maisha katika jengo la Grenfell, London. Hivyo cheti peke yake hakitoshi, na kuondolewa kwa cheti peke yake hakutoshi vilevile. Ukaguzi wa mamlaka na uangalifu wa mwenye jengo ni mikono miwili, na kila mmoja unahitaji kuoshwa na wa pili.

ZOEZI LA KILA MWENYE KULALA NDANI YA JENGO

Mwisho, kila mkaazi, msimamizi na mzazi anaweza kufanya ukaguzi mmoja usiohitaji ada wala fomu. Wakati wa usiku, taa zizimwe. Mtu aanze kitandani, ainame kama anayepita chini ya moshi, na aende hadi nje ya jengo kwa kupapasa ukuta. Ahesabu milango aliyopita, na aangalie kama kuna hata mmoja uliomtaka ufunguo. Kisha arudi, aichukulie njia hiyo kuwa imezibwa, na atafute ya pili. Akiikosa, amekwisha kupata jawabu, hata kama ukutani kuna karatasi inayosema vyengine.

Husemwa kuwa ajali haina kinga. Kwa moto, sehemu kubwa ya kinga inajulikana, na gharama yake mara nyingi ni komeo na bawaba. Wenye majengo wanahimizwa kuomba ukaguzi kabla ya kuanza kuyatumia na kila yanapobadilishwa matumizi. Wananchi nao wanaombwa kutoa taarifa kwa Sheha au kituo cha zimamoto kilicho karibu wanapoona mlango wa kutokea umefungwa mahali ambapo watu wanalala. Tahadhari kabla ya hatari.